Ida B. Wells, mwandishi aliyewashtaki wauaji kwa magazeti yao wenyewe

Kuna ungamo moja la Ida B. Wells ambalo wengi wanaomsifu hulipita haraka. Katika habari za maisha yake alizoziandika mwenyewe utu uzimani, anakiri kwamba mpaka mwaka 1892, akiwa na miaka 29 na tayari mhariri wa gazeti, naye alikuwa akiyasadiki yaliyoandikwa kuhusu watu Weusi waliotolewa jela usiku na kuuawa na makundi ya Wazungu, Kusini mwa Marekani. Aliona ni jambo baya na kinyume cha sheria, lakini alidhani lina chanzo chake: mwanamume fulani kambaka mwanamke fulani, watu wakapandwa na hasira, na pengine yule mtu alistahili kufa.

Nimeanza hapo makusudi. Huyu alizaliwa mtumwa, aliwahi kuburutwa nje ya behewa la treni kwa sababu ya rangi yake, na aliipeleka kampuni ya reli mahakamani. Hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi, na bado maneno ya magazeti yalimwingia. Kazi yote aliyoifanya baadaye, kwa karibu miaka 40, mimi naisoma kama kazi ya mtu aliyegundua kuwa aliwahi kuuamini uongo, akataka kujua uongo ule ulitengenezwa wapi, na nani, na faida yake iliingia mfuko gani.

Alizaliwa Holly Springs, Mississippi, tarehe 16 Julai 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto. Baba yake, James, alikuwa seremala. Mama yake, Elizabeth, mpishi. Utumwa ulipokwisha waliwapeleka watoto shule, na mama mtu akaenda kukaa nao darasani mpaka naye akaweza kujisomea Biblia. Mwaka 1878 homa ya manjano iliuvamia mji ikamchukua baba, mama na mtoto mchanga wa mwisho. Ida alikuwa na miaka 16. Wenzake baba wa chama chao walikaa kikao kuwagawa yatima: huyu aende kwa fulani, yule kwa fulani. Ida akasema hapana, wadogo zake hawatawanywi. Akarefusha magauni yake ili aonekane mtu mzima, akaomba kazi ya ualimu kijijini, akapewa.

Baadaye alihamia Memphis, Tennessee, akaendelea kufundisha. Ni kwenye safari za kazi ndipo kondakta alipomtaka atoke kwenye behewa la wanawake, ambalo tiketi yake ilimruhusu kukaa, akapande lile la wavuta sigara. Akakataa. Kondakta akamkamata mkono, Ida akamng'ata, na ikabidi wanaume watatu wamvute mpaka nje. Alifungua kesi. Mwaka 1884 mahakama ikaamuru alipwe dola 500, na mwaka 1887 Mahakama Kuu ya Tennessee ikaitengua hukumu ile na kumbebesha gharama. Alikuwa ameandika kuhusu kesi hiyo kwenye gazeti la kanisa, na tangu hapo kalamu haikumtoka mkononi. Mwaka 1889 alinunua hisa kwenye gazeti dogo la Weusi pale Memphis, Free Speech. Mwaka 1891 aliandika juu ya hali mbovu ya shule za watoto Weusi, na bodi ya shule ikamnyima mkataba mpya.

Akabaki na gazeti tu. Akawa anazunguka miji ya Mississippi, Arkansas na Tennessee akitafuta wasomaji wa kulipia. Hapa kuna jambo dogo ninalolipenda sana. Wauzaji kwenye treni walikuwa wakiwadanganya watu wasiojua kusoma: mtu anaomba Free Speech, anauziwa gazeti jingine. Basi likaanza kuchapwa kwenye karatasi ya rangi ya waridi. Asiyejua herufi akalijua kwa rangi, akalipeleka nyumbani akasomewa.

Pembezoni mwa Memphis kulikuwa na mtaa uliopewa jina la Kona, kwa sababu ndipo tramu ilipokata kona. Kwa muda mrefu mtaa ule ulikuwa na duka moja la vyakula, mali ya Mzungu aitwaye William Barrett. Mwaka 1889 Weusi walichangishana mtaji wakafungua la kwao, People's Grocery, yaani Duka la Watu. Msimamizi wake alikuwa Thomas Moss. Mchana aligawa barua za posta, jioni alikaa dukani, Jumapili alifundisha watoto kanisani. Yeye na mkewe walikuwa marafiki wa karibu wa Ida, na Ida alikuwa mama wa ubatizo wa binti yao, Maurine.

Wateja wakahamia duka jipya. Mwanzoni mwa Machi 1892 watoto, weusi kwa weupe, waligombana wakicheza gololi karibu na hapo. Watu wazima wakaingilia, maneno yakazidi, Barrett akaenda kwa hakimu. Usiku wa Jumamosi tarehe 5 wanaume wenye bunduki, wasio na sare, walilizingira duka. Walinzi wa duka wakajua wamevamiwa, wakafyatua risasi, wakajeruhi watatu. Asubuhi magazeti ya Wazungu ya Memphis yaliandika kwamba maofisa wa sheria wamejeruhiwa wakiwasaka wahalifu waliojificha kwenye pango la ulevi na kamari, kijiwe cha wezi na majambazi.

Tafadhali isome sentensi hiyo mara mbili. Jioni lilikuwa duka la unga na sukari, linaloendeshwa na mgawa barua. Asubuhi ni pango la majambazi. Hakuna aliyekwenda kuangalia, na mji mzima ulikuwa na tramu inayofika mpaka mlangoni.

Usiku wa kuamkia tarehe 9, baada ya kuhakikishwa kwamba majeruhi watapona, Moss na wenzake wawili, Calvin McDowell na Will Stewart, walitolewa jela. Walipakiwa kwenye kichwa cha treni kwenye reli iliyopita nyuma ya jela, wakapelekwa kaskazini mwa mji, wakapigwa risasi. Gazeti moja la asubuhi liliahirisha uchapaji ili liwahi habari yote. Liliandika jinsi McDowell alivyopambana, na maneno ya mwisho ya Moss: waambieni watu wangu waende magharibi, hapa hakuna haki kwa ajili yao. Saa ilijulikana, mahali palijulikana, aliyoyasema marehemu yalijulikana. Majina ya wauaji tu ndiyo yaliyokosekana, na taarifa rasmi ikasema wameuawa na watu wasiojulikana.

Kisha duka likaporwa, na kilichosalia wadai wakakipiga mnada. Barrett akabaki bila mshindani.

Ida alikuwa safarini Natchez, Mississippi, aliporudi Moss alikuwa ameshazikwa. Hapo ndipo ile imani yake ya zamani ilipovunjika. Katika kisa cha rafiki yake hapakuwa na mwanamke. Kulikuwa na vyakula rafuni, wateja waliohama na mapato yaliyopungua upande wa pili wa barabara. Kama kwa Moss ni biashara, je, wale wengine mamia aliokuwa akisoma habari zao? Aliandika kwamba limebaki jambo moja tu la kufanya: tuweke akiba ya fedha zetu tuuhame mji ambao hautulindi sisi wala mali zetu, hautupi kesi ya haki, bali hututoa nje na kutuua Mzungu akitusingizia jambo.

Watu wakamsikia. Walianza kuuza vyombo na kuondoka kuelekea Oklahoma kwa maelfu, wengine kwa miguu na mikokoteni. Magazeti ya Wazungu yakaandika kwamba kule kuna njaa na Wahindi Wekundu wakali. Ida akapanda treni akaenda mwenyewe Oklahoma, akakaa wiki tatu, akatuma barua zenye hali halisi.

Waliobaki wakaacha kupanda tramu. Siku moja wakubwa wawili wa kampuni ya tramu walifika kwenye ofisi ya Free Speech, jambo ambalo halijawahi kutokea, kumwomba Ida atumie gazeti lake kuwarudisha abiria. Walisema wamesikia watu Weusi wanaogopa umeme, kwa kuwa tramu zilikuwa zimeanza kuendeshwa kwa umeme. Ida akawauliza mapato yameshuka tangu lini. Wakasema kama wiki sita. Akawaambia wiki sita ndiyo muda uliopita tangu watu wale wauawe. Wakasema kampuni haihusiki na mauaji, ni mali ya matajiri wa Kaskazini. Akawajibu kwamba inaendeshwa na wauaji wa Kusini. Walipoondoka alikaa akayaandika mazungumzo yale, akayachapa, na Jumapili iliyofuata akapita kwenye makanisa mawili makubwa kuwaambia watu waendelee kutembea kwa miguu.

Nimekaa na kisa hiki cha tramu kwa sababu kinamwonyesha Ida ambaye mara nyingi hatumwoni. Tumezoea kusimuliwa habari za wapigania haki kama watu wa kulia na kusihi. Huyu alikuwa na kichwa cha mhasibu. Alijua mji wa Memphis unaishi kwa jasho na nauli za watu inaowaua, na alijua fedha ikikatika mtu atakuja kugonga mlango bila kuitwa.

Baada ya Moss akaanza kuzikagua habari moja moja. Shirika la habari lilikuwa limetangaza kwamba huko Tunica, Mississippi, jitu moja jeusi limeuawa kwa kumbaka binti wa sherifu, mtoto wa miaka saba. Ida akaenda. Akamkuta binti mwenyewe: mwanamke mzima, zaidi ya miaka 17, ambaye baba yake alikuwa amemkuta kwenye kibanda cha mwanamume yule. Ukaguzi wa namna hii ni nauli ya treni, siku mbili tatu za kuulizia na roho ngumu. Wahariri wengine wote waliochapa habari ile walikuwa na nauli kuliko yeye.

Kiswahili hakina neno moja la kitu hiki ambacho Kiingereza cha Marekani hukiita lynching. Watafsiri wengi huandika kunyonga, nalo linapotosha, kwa sababu wengine walipigwa risasi na wengine walichomwa moto, na tena kunyonga ni kazi ambayo hata mahakama huifanya. Magazetini kwetu tunasema watu wamejichukulia sheria mkononi. Naliogopa neno hilo zaidi. Linakubali, kabla ya uchunguzi wowote, kwamba kulikuwa na sheria ya kutekelezwa na mkosaji wa kutekelezewa, na kosa la umati ni kutosubiri tu. Moss hakuwa na kosa ambalo mahakama ingemhukumu nalo kufa. Wauaji wake hawakuchukua sheria yoyote mkononi.

Niliwahi kukaa miaka kadhaa kwenye dawati la habari za mikoani, na sentensi ya aina hii naijua kwa moyo: kijana anayedhaniwa kuwa kibaka ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Hufika ikiwa imekamilika. Mhariri huongeza umri na jina la kata basi. Siku moja mama mmoja alikuja ofisini, khanga begani, gazeti letu la siku tatu nyuma amelikunja mkononi. Hakuja na ugomvi. Aliniuliza, "Mwanangu, nani alikwambia alikuwa kibaka?" Nikamjibu, "Mama, ni taarifa ya polisi." Akasema, "Na wao aliwaambia nani?" Nilimpa kiti, nikamletea maji. Hatukuandika tena chochote juu ya yule kijana, na mpaka leo naona aibu. Sisemi kwamba mauaji ya mitaani kwetu ni sawa na ya Memphis. Kule ilikuwa ni rangi moja kuiweka nyingine chini baada ya utumwa kufutwa, masherifu, mahakimu na wahariri wakiwa ndani yake. Lakini swali la mama yule ndilo Ida alilokwenda nalo Tunica, nami nilikuwa nimeketi kiti cha wale wahariri wengine.

Tarehe 21 Mei 1892 Free Speech ilitoa tahariri fupi. Watu Weusi wanane wameuawa tangu toleo lililopita, iliandika, na hakuna mtu sehemu hizi anayeuamini tena ule uongo uliochakaa kwamba wanaume Weusi huwabaka wanawake wa Kizungu. Kisha ikaongeza kwamba wanaume wa Kizungu wasipoangalia watafika mbali mno, na watu watafikia hitimisho litakalouharibu sana uadilifu wa wanawake wao. Kila mtu Memphis alielewa: uhusiano mwingi uliokuwa ukiitwa ubakaji ulikuwa wa hiari. Tahariri haikuwa na jina la mwandishi. Gazeti moja la Wazungu, likidhani aliyeiandika ni mwanamume, lilitaka afungwe kwenye nguzo, atiwe chapa ya moto kwenye paji la uso na ahasiwe kwa mkasi wa fundi cherehani. Tarehe 27 Mei ofisi ya Free Speech ilivamiwa na kuharibiwa. Mshirika wake, J. L. Fleming, alikuwa ameshakimbia mji. Ida alikuwa kwenye safari ya Philadelphia na New York. Aliposhuka Jersey City, T. Thomas Fortune, mhariri wa New York Age, alimpokea akiwa na gazeti mkononi: hana ofisi tena, na akirudi watamuua.

Hakurudi. Juni 25 New York Age ilimpa nafasi kubwa, akaweka majina, tarehe na mahali. Nakala elfu kumi zilichapwa, na elfu moja kati ya hizo zikauzwa Memphis kwenyewe. Tarehe 5 Oktoba wanawake Weusi wa New York na Brooklyn, wakiongozwa na Victoria Earle Matthews na Maritcha Lyons, walimfanyia hafla ukumbi wa Lyric na kumchangia dola 500. Alipanda jukwaani akaanza kusoma, machozi yakamtoka, na aliona aibu kwa hilo kwa miaka mingi. Fedha zile ndizo zilizochapa kijitabu chake cha kwanza, Southern Horrors.

Mbinu yake kwenye vijitabu hivyo ndiyo inayonifanya nimwite mwalimu wetu. Angeweza kuhoji wajane na kuandika vilio vyao, na msomaji wa Kizungu angesema hao ni Weusi, lazima wataongea hivyo. Badala yake alichukua takwimu za gazeti la Wazungu, Chicago Tribune, ambalo kila mwaka lilihesabu waliouawa, na ripoti za magazeti ya Kusini yenyewe. Waliouawa kwa miaka minane walikuwa 728. Walioshutumiwa tu kwa ubakaji, achilia mbali kuthibitishiwa, walikuwa theluthi moja. Kwenye A Red Record, alichokitoa mwaka 1895, aliwapanga waliouawa kwa shutuma zao, kila mtu na tarehe yake na mahali pake, kama karani anavyopanga leja. Kuna safu ya waliouawa kwa kushukiwa wizi. Kuna ya waliotukana Wazungu. Kuna ya waliojitetea. Kuna hata ya wasio na shutuma yoyote. Mwaka 1892 peke yake waliouawa walikuwa 241, na 160 kati yao ni Weusi. Alisema wauaji watahukumiwa kwa vinywa vyao wenyewe, na kwa kweli hakutumia vingine.

Kwenye kitabu hicho kuna hoja mbili ambazo kila ninapozirudia naziona nzito kuliko takwimu. Ya kwanza: wakati wa utumwa mtu Mweusi alichapwa viboko na kuteswa, lakini bwana alifikiri mara mbili kabla ya kumuua, kwa kuwa alikuwa mali yenye bei. Uhuru ulipokuja bei ile ikafutika, na mwili wake haukuwa na mwenye hasara. Ya pili: wakati wa vita wanaume wa Kizungu walikwenda mapiganoni miaka minne wakiwaacha wake na mabinti mikononi mwa watumwa, na hapakusikika kilio cha ubakaji. Kilio kilianza baada ya watumwa kuwa huru. Kwanza ilidaiwa Weusi wanapanga maasi, maasi hayakuonekana. Ikasemwa wanataka kutawala kwa kura, kura wakanyang'anywa. Ndipo likaletwa hili la tatu, ambalo mtu yeyote mwenye heshima angeona haya kulipinga. Naam, hata Ida alikuwa ameona haya.

Aprili 1893 alivuka bahari kwenda Uingereza na Scotland kwa mwaliko wa Catherine Impey na Isabella Fyvie Mayo, akarudi tena 1894, safari hii akiandikia gazeti la Inter-Ocean la Chicago. Safari ya pili alihutubia zaidi ya mara mia moja. Alijua anachofanya: pamba ya Memphis ilikuwa ikienda viwanda vya Lancashire kupitia Liverpool, na Mzungu wa Tennessee aliyemdharau mwandishi Mweusi hakuweza kumdharau mnunuzi wa pamba. Waingereza walimpigia makofi na kuunda kamati ya kupinga mauaji yale. Nitie neno hapa kwa msomaji wa pwani yetu: mwaka huohuo wa 1894 Zanzibar ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza tangu 1890, na utumwa ulikuwa bado halali visiwani mpaka amri ya 1897. Waliomlilia Ida kule Liverpool walikuwa na hesabu ya kwao iliyosubiri.

Matunda yalionekana haraka. Mwaka huo wa 1894 watu sita Weusi walipouawa karibu na Memphis, magazeti na wafanyabiashara wa mji uleule uliomfukuza waliyalaani mauaji, fedha zikachangwa kwa wajane, na watuhumiwa wakafikishwa mahakamani. Wakaachiwa, lakini mwaka 1892 hakuna aliyekuwa ameshtakiwa hata kwa jina.

Huko Uingereza ndiko pia alikopambana na Frances Willard, kiongozi wa wanawake wapinga pombe wa Marekani, aliyekuwa amesema kwenye mahojiano kwamba Weusi walevi wanahatarisha usalama wa wanawake na nyumba za Kusini. Ida aliyachapisha tena mahojiano yale Waingereza wayasome. Marafiki wengi wa Willard walimwona mkorofi. Tabia hii ya kutomwonea haya mtu mwenye jina zuri ilimgharimu maisha yake yote. Alikuwa miongoni mwa waliokaa kuunda NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi wa Marekani, mwaka 1909, lakini orodha ya kamati iliposomwa jina lake halikuwemo, likaja kuongezwa baadaye. Machi 1913 waandaaji wa maandamano ya wanawake ya kudai kura, Washington, walimtaka atembee nyuma na Weusi wenzake. Alisubiri kando ya barabara, ujumbe wa Illinois ulipopita akajiunga nao katikati.

Alikuwa ameolewa na wakili Ferdinand Barnett tarehe 27 Juni 1895, akaweka majina yote mawili, Wells-Barnett, na akazaa watoto wanne. Mwaka 1898 alikwenda Ikulu ya Washington kumwona Rais McKinley, baada ya Frazier Baker, mkuu wa posta Mweusi wa Lake City, South Carolina, kuuawa pamoja na mtoto wake mchanga kwenye moto na risasi. Alitaka sheria ya taifa ya kuyazuia mauaji ya namna hii. Sheria hiyo ilisainiwa tarehe 29 Machi 2022, na kitukuu chake, Michelle Duster, akiwa pale Ikulu. Kati ya siku hizo mbili ni miaka 124.

Kisa cha mwisho ni cha Elaine, Arkansas. Mwishoni mwa Septemba 1919 wakulima Weusi waliolima mashamba ya Wazungu kwa kugawana mazao walikutana kanisani Hoop Spur. Bei ya pamba ilikuwa nzuri, nao walitaka walipwe kwa haki na wapewe hesabu kwa maandishi. Risasi zikarindima kanisani, kisha ukafuata msako wa siku kadhaa ulioua Weusi wengi mno mashambani. Wazungu watano walikufa. Walioshtakiwa ni Weusi, na 12 wakahukumiwa kifo, baraza la wazee wa mahakama likitumia dakika chache tu kwa kila mmoja. Magazeti yakaandika maasi ya Weusi.

Ida alikuwa na miaka 57 na hakuwa amekanyaga Kusini kwa karibu miaka 30. Alipanda treni mpaka Little Rock, akaingia gerezani pamoja na wake na mama za wafungwa, akijifanya ndugu wa mmoja wao aliyetoka St. Louis. Askari magereza hakumtilia maanani mwanamke mzee Mweusi. Alikaa karibu na vyuma, akaandika aliyoambiwa, na aliporudi Chicago akatoa kijitabu mwaka 1920. Humo, kama kawaida yake, aliweka hesabu: kila mtu alilima ekari ngapi, pamba yake ilikuwa kiasi gani, nyumbu wangapi, nguruwe wangapi, na vyote vilikwenda wapi baada ya yeye kufungwa.

Siku ile gerezani wale wanaume walimwimbia nyimbo walizotunga, za kufa na kwenda mbinguni na kuwasamehe waliowaonea. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawaambia waache. Mmeimba kuhusu kufa, mmesali kuhusu kufa, aliwaambia. Kama mnamwamini Mungu wenu, mwombeni awafungulie milango ya gereza kama alivyowafungulia Paulo na Sila.

NAACP na wakili Mweusi wa Little Rock, Scipio Jones, walipigania kesi ile mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1923 ilisema kesi inayoendeshwa chini ya vitisho vya umati si kesi. Wote 12 wakaachiwa kwa awamu. Jumapili moja jioni mtu mmoja alibisha hodi nyumbani kwa akina Barnett, Chicago. Alikuwa mmoja wao, na amemtafuta mama yule kwa muda mrefu. Akawaambia mabinti wa nyumba kwamba mama yao ndiye aliyewakataza kuzungumza habari za kufa, na tangu siku ile hawakuzungumza tena.